Maji Kichwani: Kutoka Qurtuba Hadi Mbale



Ndugu msomaji, ukiutaja mji wa Mbale mbele ya vijana wetu, wengi watakwambia papo hapo: ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kile kilichofunguliwa mwaka 1988. Huku kwetu si ajabu kumkuta mtu aliye na kaka, binamu au jirani aliyesomea kule. Lakini mji huohuo, chini ya Mlima Elgon na si mbali na mpaka wetu, una jambo jingine ambalo wachache wanalijua. Kuna hospitali ya watoto pale ambayo, miaka ya 2000, ilibadilisha namna ya kutibu ugonjwa mmoja wa ubongo. Tena mabadiliko yenyewe hayakutoka Marekani kuja kwetu. Yalitoka Mbale yakaenda Marekani.

Ugonjwa huo unaujua. Huenda hukupata kulisikia jina lake la kitabibu, lakini umemwona mtoto mwenyewe. Yule ambaye kichwa kinakua kuliko mwili, macho yanaelemea chini kama jua linalotua, na mama yake anamfunika kanga usoni kila anapopanda matatu. Watu humtazama, kisha hutazamana. Na nyuma ya mlango yanasemwa mengi: ati ni jini, ati ni hasadi ya mke mwenza, ati mama alikula kitu fulani au alipita mahali fulani usiku. Hata lugha yetu imemtia ndani mtoto huyu, maana tukitaka kumtusi mtu asiye na akili tunamwita "kichwa maji".

Basi leo tuzungumze juu ya hayo maji. Yanatoka wapi, nani aliyajaribu, nani alishindwa, na kwa nini jibu moja kubwa lilipatikana jirani hapa.

MAJI HAYO NI NINI

Kwanza elewa kwamba kuwa na maji kichwani si ugonjwa. Mimi nnayo na wewe unayo. Ubongo na uti wa mgongo huelea ndani ya maji safi yanayoulinda usigongane na mfupa. Mtu mzima hutengeneza karibu nusu lita ya maji hayo kila siku. Ndani ya ubongo mna vyumba vinne, na ndani ya vyumba hivyo mna vishada vya mishipa midogo ambavyo ndivyo chemchemi. Maji hutoka chumba hadi chumba, hupita kwenye vijia vyembamba, huzunguka ubongo na mgongo, kisha hunyonywa na kurudi kwenye damu. Yanaingia na kutoka kwa kipimo.

Sasa kijia kikiziba, chemchemi haina habari. Inaendelea kutoa maji tu. Kwa mtu mzima fuvu limeshaungana, kwa hiyo maji hukandamiza ubongo na mtu huanguka upesi. Kwa mtoto mchanga mifupa ya kichwa bado haijashikana, ndiyo maana ukimgusa utosini pananesa. Basi maji husukuma na fuvu hutanuka. Kichwa kinakua wiki baada ya wiki, na ubongo ndani yake unabanwa ukutani. Asipotibiwa, wengi hufa. Wanaobaki, wengi hupofuka au hulemaa.

Kwa hiyo ni bomba lililoziba. Hapana jini hapo.

TABIBU WA QURTUBA ALIYEWEKA KISU CHINI

Sisi tuliopita madrasa tumelelewa na jina la Abul-Qasim al-Zahrawi. Alizaliwa yapata mwaka 936 katika mji wa Madinat al-Zahra, karibu na Qurtuba huko Andalusi, akafariki yapata 1013. Aliandika kitabu kiitwacho al-Tasrif, chenye juzuu 30, na ile ya mwisho ni ya upasuaji. Ndani yake alichora vyombo takriban 200 vya kupasulia. Karne ya 12 juzuu hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini huko Toledo na Gerard wa Cremona, ikasomwa Ulaya kwa mamia ya miaka.

Haya yote tunayajua, na kila mwaka tunayarudia kwenye mihadhara. Tunasema: tazameni, tulikuwa wa kwanza! Kisha tunakunywa chai tunakwenda zetu.

Lakini ndugu msomaji, kuna mlango mmoja katika juzuu ile ambao hatuutaji kwenye mihadhara. Ni mlango wa maji yanayojikusanya katika vichwa vya watoto wachanga. Al-Zahrawi anaeleza kwamba yaweza kutokea mkunga akikibana kichwa cha mtoto wakati wa kuzaliwa, au kwa sababu iliyofichika isiyojulikana. Anaeleza jinsi ya kupasua. Halafu anasema jambo zito: kwamba ugonjwa huu hakuuona ila kwa watoto wadogo, na wote aliowaona walikufa upesi, kwa hiyo yeye aliona afadhali asiwapasue. Anamtaja mtoto mmoja ambaye kichwa kilijaa maji na kukua kila siku, mpaka akawa hawezi kuketi kwa ukubwa wa kichwa chake, kisha akafa.

Hebu tafakari. Huyu ndiye aliyekuwa bingwa wa upasuaji wa zama zake. Angeweza kunyamaza juu ya mtoto yule. Angeweza kutunga dawa na kuisifu, na nani angemkanusha? Badala yake aliandika wazi kwamba haya yamenishinda, na nimeyaona hivi na hivi. Akamwachia anayekuja baadaye swali lililo safi, lisilofunikwa na uongo.

Mimi naona mlango huo mmoja una thamani kuliko vyombo vyake vyote 200. Chombo hupitwa na wakati. Swali la kweli hubaki pale pale linangoja mtu.

Lilingoja miaka 900.

WALIOJARIBU

Mwaka 1910, huko Chicago, daktari mmoja aitwaye Victor Lespinasse alichukua chombo chembamba chenye taa, ambacho kilitengenezwa kwa ajili ya kutazamia kibofu cha mkojo, akakiingiza katika ubongo wa watoto wawili wachanga. Kwa chombo hicho akaunguza vile vishada vinavyotengeneza maji. Mtoto mmoja alifariki. Wa pili aliishi miaka 5.

Mwaka 1918, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Walter Dandy aliwapasua watoto na kuvitoa kabisa vishada hivyo. Wengi wao walikufa. Mwaka 1922 huyohuyo Dandy akaja na fikra nyingine: badala ya kuikausha chemchemi, kwa nini nisiyatobolee maji njia mpya? Mwaka uliofuata, 1923, William Mixter wa Boston alipitisha chombo chenye taa hadi chumba cha tatu cha ubongo cha mtoto, akatoboa sakafu yake iliyo nyembamba kama karatasi, na maji yakapita. Mtoto yule alipona.

Kwa hiyo njia zote mbili, kuunguza chemchemi na kutoboa njia, zilijulikana zamani sana. Tatizo lilikuwa vyombo. Taa zilikuwa hafifu, lenzi mbaya, daktari anapapasa gizani ndani ya ubongo wa mtoto wa miezi michache. Watoto walikuwa wanakufa mezani.

Halafu akaja baba mmoja. Mwaka 1955 John Holter, fundi mashine wa huko Philadelphia, alijaliwa mtoto wa kiume waliyemwita Casey. Casey alizaliwa na mgongo wazi, kisha kichwa chake kikaanza kujaa maji. Baba yake alimwona daktari Eugene Spitz akihangaika na mirija ya kuyatolea yale maji, mirija ambayo ilikuwa inaziba au inarudisha damu nyuma. Holter hakuwa daktari, lakini valvu alizijua. Alirudi kwenye karakana yake akatengeneza kivalvu kidogo cha silikoni, kinachofunguka maji yakizidi na kujifunga yakipungua. Mwaka 1956 Spitz alianza kukitia ndani ya watoto.

Casey mwenyewe hakuishi sana, alifariki akiwa bado mdogo. Lakini kivalvu cha baba yake kilienea dunia nzima. Mrija unatoka kwenye ubongo, unapita chini ya ngozi ya shingo na kifua, siku hizi unaishia tumboni, na huko maji yananyonywa. Madaktari huuita shanti. Watoto wengi mno wako hai leo kwa sababu yake.

Zile njia za zamani za akina Lespinasse na Mixter zikawekwa kando. Nani atake kupapasa gizani na mrija upo?

SWALI LA MBALE

Mwaka 2000 daktari mmoja Mmarekani wa upasuaji wa ubongo, Benjamin Warf, alihamia Mbale na mkewe na watoto wao sita. Alikwenda na shirika la Kikristo la CURE lililokuwa likianzisha hospitali ya watoto pale. Nalisema hili wazi kwa sababu elimu ina haki yake, na mwenye kufanya kazi nzuri tumtaje kwa kazi yake.

Watoto wenye vichwa vikubwa walimiminika. Kina mama waliwabeba mgongoni kutoka mashariki yote ya Uganda, na wengine kutoka Kenya. Warf alikuwa na ujuzi wake wa Marekani, yaani mrija. Angeweza kutia mirija asubuhi hadi jioni na kila mtu angemshukuru.

Lakini mrija una tabia moja. Unaziba. Utafiti mkubwa wa hospitali za nchi tajiri uliotolewa mwaka 1998, wa watoto 344, ulionyesha kwamba karibu watoto 40 katika kila 100 mrija wao uliharibika ndani ya mwaka wa kwanza tu. Sasa ukiziba Boston, mama anapiga simu, ambulensi inakuja, na kabla jua halijatua mtoto yuko mezani. Ukiziba kwa mama wa kijijini saa nane za usiku, mvua imenyesha, barabara haipitiki na nauli hana? Mtoto yule anaweza kufa kabla ya kufika popote.

Hili ndilo lililomkera Warf. Marekani swali huwa: "mtoto huyu nimtibu vipi leo?" Mbale swali likawa: "mtoto huyu akirudi kwao, na mimi simo, ataishi vipi?" Wanafunzi wenzangu, tazameni hapo. Ubongo ni ule ule na maji ni yale yale. Kilichobadilika ni nyumba anayorudi mtoto, na nyumba ikabadilisha tiba.

Alifanya nini? Alirudi kwenye zile njia mbili zilizotupwa. Vyombo sasa vilikuwa vimekuwa vizuri: endoskopi nyembamba, taa kali, lenzi safi. Akatoboa sakafu ya chumba cha tatu kama Mixter. Kwa watoto wakubwa kidogo ilifaa. Kwa wachanga wa chini ya mwaka mara nyingi ilishindwa, kwa kuwa tundu peke yake halikutosha. Basi akaunganisha: atoboe njia, halafu kwa safari ileile aviunguze vishada vya maji kama Lespinasse. Njia imefunguliwa na chemchemi imepunguzwa. Mtoto anarudi nyumbani bila mrija wowote wa kuziba.

WALIHESABU

Wengi tungeishia hapo. Daktari kaona wagonjwa wachache wamepona, basi anatangaza dawa. Mitaani kwetu kila kona kuna mtu anayetangaza dawa iliyoponya "watu wengi sana". Wangapi? Waliokufa ni wangapi? Huambiwi.

Mbale walihesabu. Mwaka 2005 Warf alichapisha matokeo katika jarida la madaktari wa upasuaji wa ubongo, na hapa nakuomba utulie kidogo na tarakimu, kwa sababu kila moja ni mtoto.

Kwanza alitazama watoto 300. Marekani wengi huzaliwa na tatizo hilo, au hulipata kwa kuzaliwa kabla ya siku. Mbale karibu 60 katika kila 100 walizaliwa salama kabisa, kichwa sawa, kisha wakapata homa kali au degedege kutokana na maambukizi, na baadaye kichwa kikaanza kukua. Zaidi ya robo tatu ya hao waliugua ndani ya mwezi wa kwanza wa maisha yao. Maana yake nini? Ni kwamba wengi wa watoto hawa hawakuhitaji kuupata ugonjwa huu kamwe.

Pili, katika watoto 550 waliotobolewa njia, alilinganisha waliotobolewa tu na waliotobolewa na kuunguzwa pia. Kwa wachanga wa chini ya mwaka, kutoboa peke yake kulifaulu kwa 47 katika kila 100. Kutoboa na kuunguza kulifaulu kwa 66. Kwa wale waliozaliwa na mgongo wazi tofauti ilikuwa kubwa zaidi: 35 kwa 76.

Tatu, wale ambao bado walihitaji mrija, alijaribu mirija ya aina mbili kwa watoto 195. Mmoja ulitengenezwa India na ulikuwa kama dola 35. Mwingine wa kampuni kubwa ulikuwa kama dola 650. Baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti. Yaani kwa bei ya mrija mmoja ungewatibu watoto 18. Hebu fikiria ni hospitali ngapi zilikuwa zinaambiwa "rahisi ghali" bila mtu kwenda kupima.

Na hesabu haikukoma alipoondoka. Warf alirudi Marekani mwaka 2006, na hospitali ikaongozwa na Waganda wenyewe, akiwemo Dkt. John Mugamba aliyejifunza kazi hii kwake. Mwaka 2017 walitoa utafiti mwingine, mkali zaidi. Watoto 100 wa chini ya miezi 6 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine watiwe mrija, wengine watobolewe na kuunguzwa. Baada ya miezi 12 walipimwa akili na ukubwa wa ubongo. Je, njia ya Mbale ilishinda?

Haikushinda. Wala haikushindwa. Hapakuwa na tofauti ya kutegemewa baina ya makundi mawili. Nao wakaandika hivyohivyo, bila kuipamba kazi yao. Faida ya njia ile ilibaki palepale ilipokuwa tangu mwanzo: mtoto akifaulu, haishi maisha yake yote akitegemea mrija ulio mbali na daktari.

Ukisoma utafiti ule, huwezi kuacha kumkumbuka yule mzee wa Qurtuba. Ni adabu moja. Nimeona hivi, nimefanya hivi, na hapa ndipo nilipofika.

MGONGO WAZI

Nimetaja mgongo wazi mara mbili, sasa tuueleze, kwa sababu ndugu hawa wawili, kichwa kikubwa na mgongo wazi, mara nyingi huja pamoja.

Uti wa mgongo wa binadamu huanza kama jani lililo wazi, kisha hujikunja na kujifunga. Kazi hiyo yote humalizika ndani ya siku 28 hivi tangu mimba kutunga. Siku 28! Wakati huo kina mama wengi hawajui hata kama wana mimba. Mgongo usipofunga, mtoto huzaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni na neva ziko nje. Daktari hukifunga ili maambukizi yasiingie, lakini neva zilizokwisha kuharibika hazirudi. Miguu huenda isifanye kazi, mkojo haumsikii, na wengi wao kichwa hujaa maji baadaye.

Huko Uganda, Warf na wenzake waliwafuatilia watoto hawa hadi vijijini. Waligundua kwamba upasuaji mzuri peke yake hautoshi. Waliotoka katika wilaya zilizokuwa na wahudumu wa kuwatembelea nyumbani na kumfundisha mama namna ya kumtoa mtoto mkojo na kumkinga na vidonda, waliishi kwa wingi zaidi kuliko wasiokuwa na mtu. Kisu kilifanya kazi yake siku moja, na mama akaifanya iliyobaki miaka yote.

Lakini habari kubwa ya mgongo wazi haimo katika kisu kabisa. Mwaka 1991 ulitoka utafiti uliofanywa katika vituo 33 vya nchi 7, kwa wanawake ambao walikwisha kuzaa mtoto mwenye tatizo hilo. Waliopewa vitamini iitwayo asidi ya foliki kabla ya kushika mimba, hatari ya kupata mtoto mwingine wa hivyo ilipungua kwa asilimia 72. Kidonge kidogo cha bei ya chini. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaosagwa viwandani na kupakiwa utiwe vitamini, na asidi ya foliki ni mojawapo. Unga wa posho mili ya mtaani kwa kawaida haumo.

Na unajua nani walikuwa mbele kuisukuma dunia katika jambo hili? Madaktari wa upasuaji wa ubongo wenyewe, watu wanaokula kwa kisu. Mwezi wa Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzihimiza nchi zitie vitamini kwenye vyakula ili kuzuia mgongo wazi. Waliochoka kuufunga mgongo mmoja mmoja waliamua kuuzuia usifunguke.

NA SISI JE?

Ndugu msomaji, nimekuandikia historia, lakini historia hii haijaisha, na sehemu yake iko mikononi mwetu.

Dada yangu uliyeolewa karibuni au unayetarajia, na wewe kijana unayejiandaa kuoa: asidi ya foliki huanza kabla ya mimba. Usingoje mpaka kliniki ya mwezi wa nne, maana mgongo wa mtoto utakuwa umeshafungwa au umeshakosea. Uliza hospitali. Tazama paketi ya unga kama imeandikwa kuwa umetiwa vitamini. Kunde, maharagwe, ndengu na mboga za majani zina foliki pia, basi futari isiwe viazi na bhajia tu mwezi mzima.

Mama uliyejifungua: mtoto mchanga akipata homa, akikataa kunyonya au akishikwa na degedege, huyo ni wa hospitali leo, wala si wa kesho. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza maji ya ubongo ya watoto 100 wa Uganda waliwakuta bakteria waitwao Paenibacillus kwa wengi wa wale walioanza na maambukizi, bakteria ambao hawakuwa wakitarajiwa kabisa. Hatari ni ya kweli na huingia mapema. Usimpake mtoto kitovuni kitu ambacho hukuambiwa na muuguzi. Na ukienda kliniki, kichwa cha mtoto kipimwe kwa utepe. Ni kazi ya nusu dakika, na kikizidi kukua kuliko kawaida, kila wiki inayopita ina bei yake.

Wazee wetu na maustadh: dua ni haki, na hakuna anayemzuia mzazi kumsomea mwanawe. Lakini mzazi akija na mtoto ambaye kichwa kinakua, msomeeni na mumpe nauli. Wako watoto waliofika kwa daktari wakiwa wamechelewa miezi sita kwa sababu kila waliyemwendea aliwaambia wangoje. Ubongo haungoji.

Na wanafunzi wenzangu. Tumechoka, jamani, kujisifu na al-Zahrawi kama mtu anayejisifu na nyumba ya babu aliyokwisha kuiuza. Mbale kuna maelfu ya vijana wetu waliopita pale wakatoka na vyeti. Swali la maji kichwani bado halijaisha: kwa nini maambukizi yale yanawashika wachanga wa huku zaidi, tuyazuie vipi, na mtoto aliyepona asomeshwe vipi. Maswali haya hayako London. Yako Kilifi, yako Garissa, yako Kibra. Anayeyajibu atakuwa ni yule aliye tayari kukaa na wagonjwa, kuhesabu, na kuandika hata kile kilichomshinda.

Ukimaliza kusoma, kabla hujaugeuza ukurasa, fanya jambo moja tu. Mkumbuke yule mama wa matatu aliyemfunika mwanawe kanga. Ukikutana naye tena, msalimie, mwulize mtoto anaitwa nani, na umwambie kwamba ugonjwa huu una daktari.